Uzoefu wangu: kamera ya chini ya maji niliyoikodi Nairobi na kwenda nayo Kisite

Mwezi wa Februari nilikodi kamera ndogo, kasha lake lisilopitisha maji na taa mbili katika duka moja la vifaa vya picha katikati ya jiji la Nairobi, kwa shilingi 3,000 kwa siku, nikaenda navyo Shimoni ili kuzamia katika hifadhi ya bahari ya Kisite. Niliuchagua mwezi huo kwa sababu kaskazi huwa bado inavuma, na maji ya pwani yetu huwa maangavu kuliko wakati wa kusi.

Kabla ya safari nililijaribu kasha bila kamera: nilitia tishu kavu ndani, nikalifunga na kulizamisha katika bwawa la kuogelea kwa nusu saa. Nilipolifungua, pembe moja ya tishu ilikuwa na doa la unyevu lisilozidi punje ya dengu. Niliitoa ringi ya mpira inayozuia maji, nikaipitisha polepole kati ya vidole, na hapo nikauona unywele mmoja umenata juu yake. Niliifuta, nikaipaka grisi ya silikoni, na jaribio la pili likatoka kavu kabisa. Ningeipuuza kazi hiyo ya nusu saa, kamera ingekufa siku ya kwanza.

Lalamiko langu kubwa ni kwamba hakuna aliyenionya dukani kuhusu mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo kasha nililolifunga nyumbani lilifika Shimoni likiwa limekandamizwa na hewa nzito ya pwani, mfuniko ukakataa kabisa kufunguka. Mwongozaji wetu alipenyeza ncha ya kadi ya plastiki ukingoni, hewa ikaingia kwa mlio mwembamba, na mfuniko ukalegea. Dawa yake ni kusafiri na ringi ikiwa imetolewa, na duka linalowakodishia watu wa bara lina wajibu wa kulieleza jambo hilo.

Chini ya maji sina ila sifa, hasa kwa zile taa. Rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kumezwa na maji, na kufikia mita 10 huwa karibu imetoweka yote. Nilikutana na kiti cha pweza kilichoonekana cha kahawia iliyofifia. Nilipoziwasha taa, vinundu vyake viling'aa wekundu kama pilipili mbivu, na picha hiyo ndiyo niliyoitundika sebuleni. Picha zangu za mwanzo zilijaa madoa meupe, kwa sababu nilikuwa nimezielekeza taa mbele moja kwa moja na mwanga ukazipiga chembechembe zinazoelea mbele ya lenzi. Nilizitanua mikono zikawa mbali na kamera, zikimulika kutoka pembeni, na madoa yakapungua sana. Ng'amba aliyekuwa akila sifongo kwenye mwamba alinifundisha kusubiri: nilitulia kandoni bila kugusa matumbawe wala kutimua mchanga, nikipumua taratibu, hadi aliponisogelea mwenyewe kiasi cha kuonekana magamba ya shingoni. Mkunga pangoni sikufanikiwa kumpata vizuri.

Betri za taa zilitosha mizamio miwili, si zaidi.

Baada ya mzamio wa mwisho nilililoweka kasha katika maji baridi yasiyo na chumvi, nikivibonyeza vitufe vyote ili chumvi isigande ndani yake. Nilikuwa na muda wa kutosha, kwa kuwa mtu aliyezamia siku kadhaa hushauriwa kusubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, na sisi tunaorejea Nairobi tunapanda mwinuko mkubwa hata kwa treni. Nitavikodi tena Novemba, safari hii nikiwa na ringi yangu mwenyewe ya akiba na betri mbili za ziada.