TAHADHARI: Tikiti za Alhambra, Sagrada Família na Camp Nou zinazouzwa WhatsApp

Wadau mnaojipanga kwenda Hispania, hasa wale wa Barcelona siku tatu na Granada siku moja, someni hii kabla hamjatuma hela. Kuna watu wanauza tikiti kwenye magrupu ya WhatsApp, Telegram na Instagram, wanajiita "wakala", na wateja wanaingizwa mjini kila msimu. Mtindo ni ule ule: picha kali za minara, bei ya "kifurushi cha familia", halafu nusu itangulie kwa M-Pesa au benki, kwenye akaunti ya mtu binafsi. Wengine wakishapokea wanakublock. Wajanja zaidi wanakutumia tikiti kweli, na hawa ndio hatari zaidi, kwa sababu tikiti inaweza kuwa halali kabisa na bado isikuingize ndani.

Alhambra, ile ngome na kasri la kale la Granada, ndiyo inayoliza wengi. Tikiti yake hutolewa kwa jina na namba ya pasipoti ya kila mgeni, na pasipoti yenyewe hukaguliwa pamoja na tikiti. Kwa hiyo "kuna mtu ameahirisha safari, chukua yake" ni maneno matupu. Jina si lako, huingii, na hakuna wa kulibadilisha mlangoni.

Mchezo wa pili ni wa aina ya tikiti. Ile kamili huitwa Alhambra General na inajumuisha ngome ya Alcazaba, bustani za Generalife na majumba ya wafalme wa Nasrid. Ipo nyingine inayoitwa Jardines, Generalife y Alcazaba, nafuu sana, nayo haina majumba ya Nasrid. Matapeli wananunua hiyo ya bustani na kukuuzia kwa bei ya ile kamili, au hata zaidi. Fungua PDF utafute maneno Palacios Nazaríes (majumba ya Nasrid) yakifuatiwa na saa. Hayapo? Basi hutaiona ile chemchemi ya simba 12 wa marumaru uliyoiona kwenye picha. Na yakiwepo, saa hiyo ni amri. Ukichelewa, majumba hayo yamekupita, utabaki kuzunguka bustani. Kuna hata wanaouza "kiingilio cha Alhambra" cha kupitia lango la Puerta de la Justicia mpaka jumba la Carlos V, sehemu ambayo mtu yeyote anaingia bure!

Mahali pa kununua ni tickets.alhambra-patronato.es. Nunua mapema, miezi miwili au mitatu kabla kama unakwenda kati ya Aprili na Oktoba. Zikiwa zimeisha, bado kuna njia halali: kadi ya jiji iitwayo Granada Card, ziara ya usiku ya majumba ya Nasrid, au ziara ya mwongozaji mwenye leseni. Hapo pia utaombwa majina na namba za pasipoti za wote. Anayekuuzia Alhambra bila kukuuliza pasipoti, achana naye hapo hapo.

Barcelona sasa. Kanisa la Sagrada Família halina dirisha la tikiti la kupanga foleni. Zinauzwa mtandaoni, sagradafamilia.org au kwenye programu yao, kwa siku na saa maalumu. Kiingilio cha kawaida ni euro 26, na ukiongeza kupanda mnara ni euro 36. Ukikuta mtu pale nje, mtaa wa Carrer de la Marina, ana vikaratasi na anasema anakupitisha bila foleni, mpite tu. Kila anayeingia anapita kwenye ukaguzi wa mashine kama wa uwanja wa ndege, hakuna mlango wa nyuma.

Wenye watoto mtazame hapa. Chini ya miaka 11 Sagrada Família ni bure, ila mtoto naye lazima atolewe tikiti yake. Alhambra ni bure kwa walio chini ya miaka 12. Pale Madrid, makumbusho ya Prado hayatozi aliye chini ya miaka 18. "Kifurushi cha familia" kinachomtoza mtoto wa miaka minane bei ya mtu mzima ni wizi wa wazi. Tena minara ya Sagrada Família hairuhusu watoto chini ya miaka 6, na upepo au mvua ikizidi lifti hufungwa. Hela ya mnara hurudishwa kwenye kadi iliyonunulia. Kama kadi ni ya dalali, unadhani itakufikia?

Mpira. Hapa ndipo vijana wetu wanapopigwa parefu. Ratiba ya La Liga hutaja kwanza wikiendi ya mechi tu, siku na saa kamili hutangazwa baadaye, wiki chache kabla. Anayekuambia leo kwamba mechi ya miezi minne ijayo ni Jumamosi saa tatu usiku anabuni. Panga uwepo mjini kuanzia Ijumaa mpaka Jumatatu usiku ndipo ukate tiketi ya ndege. Camp Nou, uwanja wa klabu ya Barcelona (Barça), nao umo kwenye ukarabati mkubwa ulioanza 2023. Barça waliporudi pale Novemba 2025 ghorofa ya tatu ilikuwa bado inajengwa, kwa hiyo kabla ya kulipia kiti angalia ramani kwenye fcbarcelona.com uone kama hiyo sehemu inauzwa kweli. Na usikubali picha ya msimbo wa QR. Picha moja inaweza kuuzwa kwa watu watano. Anayeskani kwanza ndiye anayeingia, wanne waliobaki watasikilizia kelele nje. Halafu soma vizuri neno Tour: hiyo ni ya kutembezwa uwanjani, si ya mechi.

Prado kuna saa za bure: Jumatatu hadi Jumamosi kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 2 usiku, Jumapili saa 11 mpaka saa 1 jioni. Msilipie "nafasi" ya saa hizo kwa mtu.

Unapotafuta tovuti kwenye Google, matokeo ya juu yenye alama ya tangazo mara nyingi ni ya wauzaji wa kati. Si wote matapeli, wengine wanaongeza bei tu, lakini andika anwani mwenyewe kwa mkono.

La mitaani kwa kifupi. Karibu na kanisa kuu la Granada na la Sevilla kuna wanawake wanaokushika mkono, wanakutia kijitawi cha rosemari kiganjani na kuanza kukutabiria, kisha wanadai noti. Sarafu eti zina mkosi. Ficha mikono, sema "no, gracias", endelea kutembea. Kwenye ATM, mashine ikikuuliza kama ikubadilishie kwenda shilingi, kataa, chagua kutozwa kwa euro. Usipofanya hivyo unakatwa kwa kiwango chao.

Kama umeshatuma hela: wa Safaricom, ipeleke SMS ya muamala kwenda 456 mara moja, kabla hajatoa. Walioko Tanzania, namba ya tapeli iripotiwe 15040, na mpigie mtandao wako ajaribu kuzuia muamala. Uliyelipa kwa kadi, iambie benki unapinga malipo, ukiambatanisha mazungumzo na PDF aliyokutumia. Ukiwa tayari Hispania, andikisha denuncia polisi, yaani taarifa rasmi ya uhalifu. Madrid kuna ofisi ya wageni, SATE, Calle Leganitos 19, wanaokuhudumia kwa lugha kadhaa. Omba nakala yenye muhuri, maana benki na bima wataitaka.