Mwaka mmoja na nusu na Epiphone Casino: uzoefu wangu na gitaa la tumbo tupu

Umeme ulikatika saa mbili usiku, siku ya tatu tangu gitaa liingie nyumbani. Amplifaya ikazima katikati ya wimbo. Nimezoea gitaa la ubao mzito, lisilo na tumbo, kwa miaka kumi na tano, na lile likikosa umeme hubaki kulia kama mbu, kwa hiyo mkono ulitaka kusimama wenyewe. Hili likaendelea kusikika. Mama watoto alikuwa jikoni anapapasa kutafuta mshumaa, akauliza, "Hiyo betri umeitoa wapi?" Betri haikuwepo. Lilikuwa ni tumbo la gitaa tu, linafanya kazi yake.

Naanzia hapo kwa sababu kila anayeniuliza kuhusu Casino anataka habari za jukwaani, na hata mimi nililinunua kwa ajili ya jukwaa. Sasa linakaa zaidi kibarazani. Tulifikaje huko ndiyo habari yenyewe.

Mimi napiga rizimu, na mara nyingine solo la pili, kwenye bendi ndogo ya zilipendwa hapa Dar es Salaam. Wikiendi tuko hotelini, harusi zikitokea tunakwenda. Kwa miaka nilikuwa nasikiliza rekodi za zamani za dansi na za Kongo, najiuliza kwa nini rizimu yangu hainyooki kama ile. Ile ina mlio mkavu, wa mbao. Inapasuka mwanzoni halafu inakwisha upesi, inampisha mwenzake. Yangu ilikuwa inang'ang'ania, inavuta kama mgeni asiyejua kuaga. Sisemi wazee wetu walipiga Casino; wengi walipiga gitaa lililopatikana, na mara nyingi lilikuwa mali ya bendi. Nasema tu kwamba magitaa yenye kifua kilichobinuka na tumbo wazi yana tabia hiyo ya kutoa sauti na kuikata, na muziki wa magitaa matatu yanayojibizana unaihitaji.

Historia yake kwa ufupi, maana wauzaji huieleza kwa mbwembwe. Epiphone ilikuwa kampuni ya familia ya Stathopoulo kule New York. Mwaka 1957 ikaingia mikononi mwa wenye Gibson, kampuni nyingine ya magitaa, magitaa yakawa yanatengenezwa Kalamazoo, Michigan. Mwaka 1959 Gibson walitoa ES-330, na mwaka 1961 likatoka Casino, ndugu yake wa tumbo moja. Lilipata jina kubwa kupitia Beatles: Paul McCartney alinunua lake mwishoni mwa 1964, John Lennon na George Harrison wakafuata. Lennon baadaye alilikwangua rangi lake likabaki mbao tupu, na ndilo alilolishika walipopiga juu ya paa London tarehe 30 Januari 1969. Langu halikutoka Kalamazoo wala Nashville, wanakotengeneza lile la bei kubwa. Ni toleo la kisasa la kiwanda cha China, umbo la zamani kwa bei ya mtu wa kawaida. Shemeji yangu aliyeko Uingereza alilinunua kwa hela isiyofika dola 800, kasha gumu tukalinunua pembeni. Kitasa kimoja cha kasha kilifika kimepinda baada ya safari ya ndege. Gitaa lilikuwa zima.

Cha kwanza ni uzito, au tuseme ukosefu wake. Nililipeleka kwenye mizani ya duka la mchele mtaani, ikasoma kilo 2.8. Gitaa langu la ubao lina kilo nne na kitu. Ukipiga saa nne za harusi, kilo hiyo moja na zaidi unaijua kwa bega. Ila usidhani wepesi ni udogo. Kiwiliwili kina upana wa inchi 16, mkono wa kulia unapanda juu kama umekumbatia kapu, na wiki ya kwanza kiwiko kiliniuma. Mpiga besi wetu alipoliona alisema, "Kaka, hili si gitaa, hili ni kabati." Unene wake lakini ni mdogo, kama sentimita nne na nusu, ndiyo maana watu hulikosea wakadhani ni kama ES-335, gitaa jingine la Gibson. Ukilichungulia kupitia matundu yale mawili ya herufi f, kama ya fidla, utaona tofauti: 335 ina kipande kirefu cha mbao katikati kutoka shingoni hadi mwisho, Casino haina kitu. Giza na nyaya, basi.

Kifua na mgongo ni mbao ya mepo iliyogandishwa tabaka kwa tabaka kisha ikabinuliwa kwa mashine, haikuchongwa kutoka kwenye ubao mmoja kama magitaa ya jazi ya bei mbaya. Wapo wanaolidharau jambo hilo. Kwa sisi wa pwani naliona ni neema. Ubao mmoja mzima hunywa unyevu wa Machi na Aprili, ukavimba, halafu ukakauka na kupata ufa. Tabaka zinashikana, moja ikitaka kwenda huku nyingine inaikataza. Nimepita nalo masika mawili, kifua hakijahama. Kilichoguswa na hewa ya bahari ni chuma. Vifuniko vya nikeli vimeanza kufifia, na kile kishikio cha nyuzi cha kuning'inia kina vidoa vya kutu kwenye kona. Nakifuta kwa kitambaa kikavu kila nikimaliza kupiga. Usiposhika utaratibu huo usinunue kitu chochote cha nikeli ukiishi karibu na maji.

Shingo haina makuu. Ni ya mkangazi wa kigeni, ina freti 22 (vile vyuma vinavyoikata shingo), inajaa kiganjani bila kuchosha. Tatizo ni kwamba inaungana na kiwiliwili kwenye freti ya 16. Anayepiga solo la juu, lile la sebene linalopanda mpaka vidole vinakutana na pikapu, atagonga ukuta. (Ndiyo, tunaita pikapu, ile ya kunasa sauti. Mtoto wangu wa mwisho aliposikia baba ana gitaa lenye pikapu mbili alidhani tumetajirika.) Kwa rizimu na solo la pili sijawahi kuzihitaji hizo freti za mwisho. Ningekuwa mpiga solo ningenung'unika sana.

Nyuzi zilizokuja nalo nilizitoa baada ya mwezi. Zilikuwa nyembamba, namba 10, nami nikaweka namba 11, tena zile bapa zisizokwaruza, na uzi wa tatu uliozungushiwa waya. Hapo nikajitafutia balaa mwenyewe. Uzi mnene kwenye mfereji uliochongwa kwa uzi mwembamba unakwama pale kichwani. Unakaza ufunguo, hakuna kitu, unakaza tena, mara "ting!" uzi unaruka nusu noti juu ya pale ulipotaka. Nilichonga penseli, nikapaka ule unga mweusi mferejini, ikasaidia kwa wiki mbili. Mwisho fundi alipanua mifereji kwa kijitupa chembamba, na pale kwenye daraja, nyuzi zinapolalia kifuani, akasogeza vile vitandiko vidogo kimoja kimoja mpaka noti ya freti ya 12 ikakubaliana na ya uzi mtupu. Dakika arobaini za kazi. Tangu hapo linashika tyuni kuliko lile la ubao.

Pikapu zenyewe ni aina ya P-90, za koili moja, yaani msokoto mmoja wa waya. Hapa ndipo hela yangu ilipokwenda na hapa siidai. Ya shingoni ukiipunguzia toni kidogo inatoa sauti ya mviringo, yenye joto, ya kuongozana na mwimbaji. Ya darajani ni kali, ina mchanga kidogo kooni. Swichi ukiiweka katikati zote mbili zikalia pamoja, hiyo ndiyo rizimu niliyoihangaikia miaka yote. Chakacha za mkono wa kulia zinatoka kila moja peke yake, hazirundikani. Mzee wetu wa bendi, ambaye kusifia kwake ni kunyamaza, usiku wa kwanza alinyamaza nyimbo tatu, ya nne akageuka, akasema, "Hapo." Nikarudisha hatua yangu nyuma nikaendelea.

Koili moja ina deni lake, inanguruma. Chini ya taa ndefu za tyubu inanguruma, karibu na jenereta inanguruma zaidi. Ukiongea na mtu halafu ukageuka robo mzunguko, mngurumo unapungua, kwa hiyo utaniona jukwaani nimesimama upandeupande kama mtu anayekwepa jua. Nimezoea. Asiyeweza kuvumilia anunue lenye koili mbili, asijitese.

Sasa harusi. Ukumbi mkubwa, watu mia nne na ushee, spika za besi zimepangwa kama ukuta, na amplifaya yangu iko mgongoni kwangu hatua mbili. Nyimbo mbili za kwanza safi. Fundi mitambo akaongeza sauti. Baba wa bibi harusi akasimama kutoa neno, sisi tunapiga taratibu chini yake, nami nikaachia nyuzi zote wazi nishike leso nijifute jasho. Gitaa likaanza kulia peke yake. Kwanza "uuuu" ya mbali, kisha ikapanda, ikawa kama bodaboda iliyong'olewa egzosi, na mzee wa watu na maikrofoni yake akageuka kunitazama. Nilibana nyuzi kwa kiganja, halikunyamaza mara moja. Nilizima sauti kwenye kitufe, na kitufe kiko mbali kuliko unavyofikiri mikono ikiwa na jasho.

Kinachotokea ni hiki. Sauti ya spika inakigonga kifua chembamba cha gitaa, kifua kinatikisika, kinatikisa nyuzi, pikapu inanasa mtikisiko huo na kuurudisha kwenye spika, mzunguko unaanza upya kwa nguvu zaidi. Kile kipande cha mbao cha ES-335 kiliwekwa kuzuia hilo. Casino hulipi hicho kipande, unalipa kwa fedheha.

Dawa zipo. Sasa nasimama ubavuni mwa amplifaya, si mbele yake. Besi nimeipunguza karibu nusu. Na nimekata vipande viwili vya sponji ya godoro la zamani, nikavifunika kitambaa cheusi, nikavishindilia kwenye matundu ya f. Kwa mbali havionekani. Vinapunguza mlio ule kwa kiasi kikubwa, na vinapunguza pia kidogo ya uhai uliokufanya ulinunue. Kwenye kumbi kubwa sasa nachukua gitaa la ubao. Hotelini, ambako watu wanakula na kuzungumza, Casino linatoka kasha lake bila sponji.

Kisa kingine nitakieleza kwa sababu kinaonyesha jinsi gitaa tupu linavyotengenezwa, na hili wauzaji hawakwambii. Mteja mmoja mchangamfu alikanyaga waya wangu akicheza. Tundu la kuchomekea waya liko usoni mwa gitaa, nati yake ilikuwa imelegea nami nilikuwa nimeipuuza, basi soketi ikatumbukia ndani. Ukilitikisa gitaa unaisikia inagonga gonga kama jiwe kwenye kibuyu. Gitaa la ubao lina kifuniko nyuma, skrubu nne unafungua. Hili halina mlango. Fundi wangu, ambaye kazi yake hasa ni redio na amplifaya, alilitazama kwa muda, akamtuma kijana duka la dawa alete mrija wa dripu. Akaivua soketi kupitia tundu la f kwa waya uliokunjwa ncha kama ndoana. Akauzungushia mrija selotepu mpaka ukajaa ndani ya soketi, akaupitisha ule upande mwingine tumboni hadi ukachungulia kwenye tundu lake, kisha akauvuta taratibu, ulimi nje kama mtoto anayeandika. Soketi ikafuata, ikatokeza kichwa. Akaishika kwa koleo, akarudisha nati na washa. "Mzee wangu," akaniambia, "siku ukitaka kubadili pikapu, nitafute siku ambayo sina hasira." Tangu siku hiyo nati hiyo naikagua kabla ya kila onyesho.

Ningelinunua tena? Ndiyo, kwa bei ileile, na safari hii ningeomba kabisa nyuzi na mifereji ishughulikiwe kabla halijafika. Kwa mtu anayetafuta gitaa la kwanza na la pekee, siwezi kumshauri. Linataka chumba cha wastani, amplifaya ndogo na mtu asiyeogopa kupiga polepole. Nyumbani halina mpinzani. Naliacha ukutani nje ya kasha, nalishusha asubuhi kabla watoto hawajaamka, nafanya mazoezi bila kuwasha chochote, na hakuna jirani aliyewahi kulalamika.

Mwezi uliopita kijana mmoja alinipigia, amesikia ninalo, anataka tubadilishane: anipe gitaa lake la ubao, jipya kabisa, na hela juu. Nikamuuliza anapiga wapi. Kanisani, akasema, spika nne kubwa, kwaya nyuma, ngoma pembeni. Nikamweleza habari ya baba wa bibi harusi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama basi nauza lile langu la ubao. Nikamwambia hilo nalo hapana, Desemba tuna harusi tano.