Baada ya kiharusi cha serebela: kuzoeza mwili upya au kuufidia?

Kiharusi cha serebela, ule ubongo mdogo wa kisogoni, mara nyingi hakiondoi nguvu ya misuli. Mkono una nguvu, ila unakipita kikombe. Miguu inakwenda, lakini kwa kupepesuka. Serebela ya kulia ikiumia, mkono wa kulia ndio husumbuka (kwenye ubongo mkubwa mambo hupishana: upande wa kulia ukiumia, husumbuka mkono wa kushoto).

Njia ya kwanza ni kuzoeza upya: kusimama bila kushika, kutembea kisigino kikigusa vidole, kugeuka, kufikia vitu, na kurudia sana. Ugumu wake ni kwamba serebela ndiyo hujifunza kutokana na makosa ya mwendo, nayo ndiyo imejeruhiwa. Viini vyake vya ndani, yaani makundi ya seli za neva yaliyo katikati yake, vikisalimika, matumaini huwa makubwa zaidi.

Njia ya pili, kufidia, yaani kutumia vifaa na mbinu za kuziba pengo la mwili, ni rahisi kueleza: fremu ya kutembelea, kikombe chenye kifuniko, viwiko kuegemezwa mezani, uzito mdogo kwenye kifundo cha mkono. Uzito huo unaweza kupunguza mtikisiko, lakini ukivuliwa, mtikisiko hurudi.

Mimi ningetanguliza mazoezi, hasa miezi ya mwanzo. Ila fremu isicheleweshwe kwa aibu. Mtu akianguka na kuvunjika nyonga, mazoezi yenyewe husimama.