ModelMuse na MODFLOW 6 kwa visima vya Tabora: ni bure na zinafaa, ila usizisomee kina cha pampu

Programu zote mbili zinatolewa bure na USGS, taasisi ya jiolojia ya serikali ya Marekani. MODFLOW ndiyo inayokokotoa mwendo wa maji ya ardhini. Toleo la 6 lilitoka mwaka 2017. ModelMuse ndiyo ya kuchorea tabaka, mipaka na visima, nayo inataka Windows. Kwa mhandisi anayepangia maji mji mdogo usiofikiwa na bomba la Ziwa Victoria, hakuna sababu ya kununua programu ya gharama kabla ya kuzijaribu hizi.

Chukua mji wa watu 8,000 unaokua kwa asilimia 3.4 kwa mwaka. Baada ya miaka 20 watakaribia 15,600. Kwa lita 25 kwa mtu kwa siku, kiwango cha vijijini katika Sera ya Maji ya 2002, zinahitajika mita za ujazo 390 kila siku. Mvua ya milimita 900 ikizama asilimia 3 tu, kilomita za mraba 10 hupokea wastani wa mita za ujazo 740 kwa siku. Kwenye karatasi maji yanatosha. Lakini sehemu kubwa ya Tabora imekaa juu ya granaiti: maji yako kwenye mwamba uliooza na kwenye nyufa zilizo chini yake. Kisima kinachotoa mita za ujazo 2 kwa saa, kikivutwa kwa saa 10 kila siku, kinaleta 20 tu. Vinatakiwa visima 20, na kazi ni kuvipanga visinyang'anyane maji. Hapo ndipo programu hizi zinapolipa.

Tabaka mbili zinatosha kuanzia: mwamba uliooza, kisha wenye nyufa. Seli, yaani miraba inayogawa eneo kwenye modeli, ziwe za mita 100, vipindi vya mwezi mmoja mmoja, na maji yanayozama yawekwe kuanzia Novemba hadi Aprili. Mbuga, yaani mabonde yanayotuamisha maji, usizisahau: bila kuwekewa mvukizo, modeli itaonyesha maji yamesimama juu ya ardhi hata Septemba. Vipimo vyote viwe mita na siku. Kisima cha kuvuta kinaandikwa hasi: -20. Ukiandika 20, unamwaga maji ardhini. Ukiandika -2 ya saa, itasomwa kama ya siku na kila kitu kitaonekana salama. Seli zikikauka na hesabu ikagoma, washa Newton, njia ya hesabu iliyomo ndani ya MODFLOW 6. Ukimaliza fungua faili la matokeo: tofauti ya maji yanayoingia na yanayotoka isizidi asilimia 1.

Kasoro inayogharimu pesa ni hii. Kina cha maji kinachosomeka kwenye seli ya mita 100 si cha ndani ya kisima, bali ni cha umbali wa mita 21 hivi kutoka kisimani. Kama uwezo wa mwamba kupitisha maji ni mita za mraba 2 kwa siku, maji ndani ya kisima cha inchi 6 kinachotoa 20 kwa siku yatakuwa chini zaidi kwa karibu mita 9. Na kwa kuwa pampu inavuta 20 hizo ndani ya saa 10, pengo linazidi mara mbili ikiwa kazini. Anayeshusha pampu kwa namba ya modeli ataikuta inavuta hewa mwezi wa Oktoba. Ongeza pengo hilo kwa mkono.

Jambo jingine: usirekebishe modeli kwa vina vya maji pekee. Ukizidisha mara mbili maji yanayozama pamoja na upitishaji wa mwamba, vina vinabaki karibu vilevile, na wewe umejipa maji yasiyokuwepo. Kinachokuokoa ni majaribio ya kuvuta: saa 24 mfululizo, kisha pima maji yanavyopanda baada ya kuzima.

Modeli haioni ufa ambao hukuuchora, wala haichagui mahali pa kuchimba; hiyo ni kazi ya upimaji wa jiofizikia.

Tunaipa nyota nne kati ya tano. Na mkataba wa uchimbaji uweke bomba jembamba la kupitishia kipimo kando ya bomba la pampu katika kila kisima. Bila hilo hakuna atakayeweza kupima kina kila mwezi, na modeli itabaki na namba za siku ya kuchimba.