Moka Express ya Bialetti, miaka mitatu jikoni kwangu Napoli

Nianze na moka yangu ya kwanza, yaani kibirika cha kupikia kahawa jikoni, ambayo haikuwa ya kampuni ya Bialetti. Nilipofika Napoli nilinunua moja ya bei chee kwenye meza ya sokoni, euro 9, wiki ya pili tu mpira umelegea, mvuke unatokea ubavuni, kahawa haipandi, na hata ikipanda ina ladha ya bati. Mama mwenye nyumba wangu, signora wa miaka sabini na kitu anakaa ghorofa ya chini, aliishika akaigeuzageuza akairudisha mezani bila kusema neno, kesho yake akanielekeza duka la vyombo nikachukue Moka Express ya vikombe 3. Nikalipa euro 28 na sijajuta hata siku moja.

Kwa ambao hawaijui, ni kibirika cha alumini chenye pembe nane, vipande vitatu: chini maji, katikati kichujio cha kahawa, juu ndo kahawa inatokea. Maji yakipata moto presha ya mvuke inayasukuma yapite kwenye kahawa yapande juu, basi, hamna umeme hamna karatasi. Alfonso Bialetti alianza kuzitengeneza 1933 kule Piemonte, kaskazini ya Italia, na umbo lake mpaka leo ni lilelile, na jina limetoka bandari ya Mokha ya Yemen kwa hiyo sisi watu wa pwani si wageni nalo kabisa. Mwanae Renato ndo aliyeziingiza karibu kila nyumba ya Italia baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na alipofariki 2016 majivu yake yaliwekwa ndani ya moka kubwa. Nilivyoisikia hiyo nikaelewa watu hawa na hiki kibirika wana jambo lao.

Sa masharti, nimefundishwa na signora mwenyewe. Ikiwa mpya, kahawa tatu za kwanza unamwaga. Maji yasipite ile vali ya pembeni, ile ya kutolea presha ikizidi. Kahawa jaza ila usishindilie, mi nilikuwa naishindilia na kijiko akanishika mkono. Moto mdogo, ikianza kukoroma itoe, koroga kabla ya kumimina maana ya chini huwa nzito kuliko ya juu. Na sabuni NO, stiliwaya ndo usithubutu, maji ya moto tu afu uikaushe.

Kingine, ya vikombe 3 ni ya vikombe 3, ukiijaza nusu kahawa inatoka ovyo, ndo maana kwenye kabati la signora zipo ya 1, ya 3 na ya 6. Ile ya 6 ni ya Jumapili. Ragù, mchuzi wao wa nyama na nyanya, inaanza kuchemka toka asubuhi, watoto na wajukuu wanakuja, mgeni anabeba trei ya vitamutamu imefungwa karatasi na utepe, watu wanakula mpaka saa kumi jioni, mwisho kabisa ndo vinakuja vikombe vidogo vya kahawa na maziwa hayapo, kwao maziwa na kahawa ni mambo ya asubuhi, ukinywa na tumbo limeshiba wanaona utaumwa. Matone ya kwanza ya moka signora anayapiga na sukari kwenye kikombe mpaka iwe povu zito jeupe, cremina wanaita, kila mtu anawekewa kijiko juu ya kahawa yake. Jaribuni, tamu sana.

Kwetu Tanga kahawa ni ya barazani, dele liko juu ya makaa na stori zinaenda. Hapa pia ya nje ipo, unasimama kaunta ya bar, huku ndo mkahawa, unapiga espresso unaondoka, ila moka ni ya ndani ya nyumba. Fundi bomba akija anapikiwa, jirani akija kulia shida zake anapikiwa. Dada yake signora alipofariki jiko la ile nyumba halikuwashwa, majirani ndo walioleta chakula na kahawa na sukari, ni desturi ya huku kusini, na mi nikashuka na moka yangu imejaa, akanishika mkono muda mrefu bila kusema kitu. Nilijiona niko matangani nyumbani.

Sa ubaya wake. Usitegemee espresso ya mashine, ile inasukumwa na presha ya bar 9 (bar hapa ni kipimo cha presha), hii haifiki hata karibu, kwa hiyo lile povu la juu hulipati. Jiko la indakshani, lile la umeme linalopasha chombo kwa sumaku, haishiki, alumini haikubali, kuna moka za aina nyingine kwa hayo majiko. Mpira unachoka, wangu nimebadilisha mara mbili, unauzwa na kichujio kwa bei ndogo ila hakikisha saizi. Na usagaji angalia, nililetewa kahawa ya Bukoba imesagwa laini kama ya dele ikaziba kichujio vali ikaanza kupiga mluzi, nilizima jiko mbio. Niliyoletewa baadae ilikuwa mbegu nzima, tukasaga wenyewe chengachenga kidogo na signora akaipenda kweli, Napoli wanapenda robusta, aina ya kahawa kali kama hiyo ya Bukoba.

Nyota 5 kwangu. Likizo ya Desemba nambebea mama ya vikombe 6, jiko lake la gesi lina miguu mipana kwa hiyo nachukua na kile kichuma cha kuweka juu ya moto isije ikapinduka.