Pasi ya mkaa ya jogoo "ya kale" katika vibanda vya Nairobi: chombo kizuri, ukale wa kubandikwa

Tuanze na alama kwa wenye haraka. Kama chombo cha kunyooshea nguo, 7 kwa 10. Kama kitu cha kale cha kuweka kabatini, 3 kwa 10, na hizo 3 ni za jogoo.

Tunazungumzia pasi ile ya chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa, yenye tumbo la kutia makaa, mpini wa mti juu, na komeo la mbele lililotengenezwa kwa umbo la jogoo. Utaikuta Gikomba, utaikuta kwenye meza za vinyago, na mara nyingi utaambiwa ilikuwa ya bibi wa mzungu fulani. Kuna za zamani kweli. Nyingi zaidi ni mpya zilizomiminwa kwenye kalibu ya mchanga, zikapakwa rangi nyeusi au zikaachwa nje zishike kutu. Zote mbili zina mahali pake katika mkusanyiko, mradi kila moja ilipiwe bei yake.

Anza na jogoo mwenyewe. Kalibu mpya ikitengenezwa kwa kunakili pasi iliyokwisha kumiminwa, maumbo madogo hupotea: kishungi huwa donge moja badala ya vijino vinavyohesabika, na jicho huwa kishimo tu. Chuma cha kusubu pia husinyaa kwa takriban asilimia 1 kinapopoa. Kwa hiyo nakala ya pasi ya sentimita 20 hutoka na 19.8. Milimita 2 hizo ni chache kwa macho lakini kalipa, kile kifaa cha kupimia unene na urefu, huziona, na ukiwa na pasi halisi ya kulinganisha, huhitaji kubishana na mtu.

Baada ya hapo fungua kifuniko utazame bawaba. Hapa ndipo pasi hizi zinapojisema. Kwenye ile ya zamani, pini ya bawaba ni kipande kilichogongwa ncha zote mbili kikatulia, na tundu lake limelika upande mmoja kwa kufunguliwa miaka na miaka. Kwenye mpya, pini ni msumari uliokunjwa. Shika kifuniko ukitikise kushoto na kulia. Kikicheza zaidi ya milimita 3, komeo halitakutana sawasawa na ulimi wake, na siku moja kitafunguka makaa yakiwa ndani na shati likiwa chini. Tazama pia skrubu zinazoshika mpini. Skrubu za kichwa cha msalaba zilianza kuuzwa miaka ya 1930, kwa hiyo ukizikuta kwenye pasi inayodaiwa kuwa ya 1890, ama imetengenezwa upya ama umedanganywa.

Kutu nayo ina lugha yake. Ya zamani ni kahawia iliyokolea, imeng'ang'ania, ukipitisha kidole hakitoki na kitu. Ya kuharakishwa kwa chumvi au asidi ni ya rangi ya machungwa, sawasawa kila mahali hata ndani ya bawaba, na inaacha unga mkononi. Kama imepakwa rangi, chovya pamba kwenye thina usugue mahali pa siri, chini ya mpini. Rangi mpya itatoka palepale.

Kuhusu hadithi za wauzaji: reli ilifika hapa Nairobi mwaka 1899, na kabla ya hapo palikuwa na maji baridi na malisho ya Wamaasai. Ukiambiwa pasi hii imetumika katika nyumba ya Nairobi tangu 1880, cheka kwa adabu. Tena sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale cha kulindwa, na hakitoki nchini bila kibali. Kwa hiyo muuzaji anayekuapia kwamba pasi iliingia nchini 1880, na hapohapo anakuahidi kumtumia shangazi yako ng'ambo kesho kwa posta, ana kosa moja kati ya mawili: anadanganya au anavunja sheria.

Sasa utendaji, kwa sababu pasi ni ya kufanyia kazi. Ile mpya inakuja na kasoro tatu, na zote zinarekebishika.

Ya kwanza ni matundu ya hewa ya ubavuni. Mengi yamezibwa nusu na mabaki ya chuma kutoka kwenye kalibu, makaa yanakosa pumzi na pasi inapoa kila dakika kumi. Chukua tupa ya mviringo, yapanue hadi milimita 8 au 10 na usizidi hapo, maana cheche zitaanza kuruka hadi kwenye nguo. Angalia pia kama ndani kuna kichanja, kile kichuma chenye matundu kinachoinua makaa kutoka sakafuni. Bila hicho hewa haipiti chini na jivu huyafunika makaa. Kwenye pasi za zamani ndicho kitu cha kwanza kupotea. Kipande cha bati nene kilichotobolewa na kukunjwa miguu kinatosha.

Ya pili ni wayo, ule uso wa chini unaogusa nguo. Weka ukingo wa rula ya chuma juu yake, mulika tochi kwa nyuma. Mwanga ukipita kingoni, wayo una tumbo katikati na utaburuta kola. Bandika msasa namba 80 juu ya kioo kinene, mwagia mafuta ya taa kidogo, zungusha pasi kwa mwendo wa namba 8, halafu rudia na 120 na 240. Hili ni kwa pasi mpya tu! Wayo wa pasi ya zamani usiuguse na msasa, sembuse grainda. Kule kulika kwa kisigino na kingo ndiko ushahidi wa umri wake, na mkusanyaji yeyote makini atakushushia bei akiona mikwaruzo inayong'aa.

Ya tatu ni mpini. Mara nyingi ni saipresi, mti wenye utomvu unaonuka ukipata moto na kupasuka kando ya skrubu. Mabaki ya mvule au mhogani kutoka karakana yoyote ya samani yanafaa zaidi. Hakikisha kuna kinga ya bati kati ya mpini na kifuniko.

Kabla ya matumizi ya kwanza, ijaze makaa yaliyokwisha kukolea kwenye jiko, uiache nje nusu saa hivi mpaka rangi imalize kutoa moshi. Usiipoze kwa maji. Chuma cha kusubu hakikunjiki, hupasuka. Na ukipiga pasi ndani, fungua dirisha hata kama Julai ina baridi, kwani hewa ya makaa huua bila harufu.

Tukitoka kwa jogoo, kuna mbili unazopaswa kuzijua kwa sura, kwa kuwa wauzaji wenyewe hawazijui na bei huwa ya huruma. Moja ni pasi ya kipande, chuma kizima kisicho na tumbo, kilichopashwa moto juu ya jiko. Nyingi za Uingereza zilisubiwa West Bromwich, na ukiona jina Kenrick au Siddons mgongoni, ndiko zilikotoka. Namba iliyo karibu na jina ni ya saizi. Wengi hudhani ni ratili, na saizi 6 ya kiwanda kimoja haifanani na 6 ya kingine. Ya pili ni kipande chenye ncha mbele na nyuma, kina shimo juu na hakina mpini. Usikipite ukidhani kimevunjika. Ni muundo uliopatiwa hataza na Mary Florence Potts wa Iowa, Marekani, mwaka 1871: vipande vitatu, mpini mmoja wa mti wa kuhamishwa, na kiweko kimoja cha kuipumzishia pasi, ili kimoja kinyooshe huku vingine vikipata moto. Mpini ndio adimu, kwa hiyo ukiuona peke yake, nunua kwanza halafu uanze kufikiri.

Za shaba ya manjano zinahesabiwa tofauti. Beba sumaku. Ikinata, ni chuma kilichopakwa. Isiponata, uliza inapimwa kilo ngapi, maana bei ya chini kabisa ya pasi ya shaba ni ile ambayo mtu wa skrepa angeitoa kwa kilo. Pasi nyingi nzuri zimeishia huko na kuyeyushwa. Tangu biashara ya vyuma chakavu ilipopigwa marufuku kwa muda Januari 2022, ni busara kudai risiti unaponunua kwenye yadi.

Kuondoa kutu, njia tunayoipendekeza ni ya umeme. Ndoo ya plastiki, maji, na soda ash (ile ya kufulia, si kostiki soda), kijiko kimoja cha mezani kwa kila lita 4. Soda hiyo ni mali ya Ziwa Magadi, lakini usitumie mabonge ya magadi ya kupikia githeri, maana yana chumvi ndani na chumvi hurudisha kutu. Ning'iniza pasi katikati, bila mpini wala sehemu za shaba, na ubavuni weka bamba la chuma cha kawaida. Chaja ya betri ya gari ya volti 12: waya wa kutoa (-) kwenye pasi, wa kujumlisha (+) kwenye bamba. Ukibadilisha, pasi ndiyo italiwa. Bamba lisiwe la chuma kisichoshika kutu, kwani hutoa sumu ndani ya maji. Fanya nje, mbali na moto, kwa sababu mapovu yale ni haidrojeni. Chaja za kisasa hukataa kuwaka zisipohisi betri, tafuta ya zamani. Baada ya saa 6 hadi 12 suuza kwa maji moto, sugua kwa brashi, kausha juu ya jiko papo hapo na upake mafuta, la sivyo kutu changa itatokea kabla hujamaliza chai. Pasi yenye ngozi ya nikeli usiitie humo, itabambuka.

Bawaba ikivunjika, usikubali fundi aichomelee kwa fimbo ya kawaida. Itashika, utalipa, na ikipoa utasikia "tik" pembeni mwa mshono: chuma kando yake kimekuwa kigumu kama kioo na kimepasuka. Mwambie atumie fimbo ya nikeli, apashe pasi moto kwanza, ashone sentimita 2 kwa wakati, kisha aifukie kwenye jivu kavu ipoe taratibu. Kuunga kwa shaba na gesi ni salama zaidi, ila mshono wa njano utaonekana daima.

Mwisho, kiweko. Viweko vya kale vyenye nakshi ni vigumu kupata hapa, na hata Marekani viwanda kama Wilton na John Wright vilimimina nakala nyingi katika karne ya 20, kwa hiyo geuza kila kimoja chini utafute jina. Kwa matumizi, agiza Kamukunji. Mafundi wa jua kali wanaogonga masanduku na majiko wataelewa haraka, ukiwapa vipimo: bamba la milimita 3 (geji 16 ni kama 1.5, litapinda kwa joto), refu kuliko wayo kwa sentimita 2 kila upande, ukingo ulioinuka milimita 5 ili pasi isiteleze, miguu ya milimita 25 au zaidi. Miguu mitatu haiyumbi hata kwenye sakafu mbovu, lakini weka miwili mbele, kwa sababu kiweko chenye mguu mmoja mbele hubinuliwa na pasi ukiiweka vibaya. Omba miguu ipigwe ribiti badala ya kuchomelewa, bamba litabaki bapa. Na mwambie fundi agonge mwaka chini yake kwa patasi, asije mtu akakiuza Gikomba kesho kutwa kama cha bibi wa mzungu.