Pakacha la kuhamishia bustani: linafaa, lakini chagua lenye kitako

Anayehama nyumba na mimba ya miezi saba hawezi kuchukua bustani nzima, na asijitie kazi hiyo. Bamia, mchicha na tungule viachwe vilipo, zichukuliwe mbegu tu. Lakini mpilipili mbuzi ulioanza kuzaa, shina la mchaichai, mche wa mndimu uliofika gotini, hivi vinahamishika. Katika vyombo vinavyopatikana masokoni kwetu Unguja, cha kwanza kwa kazi hii ni pakacha, yaani kikapu kilichosukwa kwa makuti ya mnazi. Viriba, ile mifuko myeusi ya plastiki ya miche, vinafuata, na ndoo ya rangi ya lita 20 ni ya mwisho.

Sababu ni udongo wetu. Kichanga hakishikani. Ukichana kiriba juu ya shimo, mchanga unamwagika na mizizi inabaki mitupu, na mmea wenye majani mengi hunyauka siku hiyohiyo. Pakacha halivuliwi: linaingia shimoni pamoja na mmea, linaoza humo humo, mizizi inatoboa na kupita. Kiriba kina faida yake kwa miche midogo itakayokaa muda mrefu kabla ya kupandwa, kwa kuwa hakiozi, ila mizizi ikifika kitakoni huanza kujizungusha.

Ndoo ina tatizo la uzito. Lita moja ya udongo uliorowa ni kilo moja na nusu au zaidi, kwa hiyo ndoo iliyojaa inafika kilo 30. Hata watu wawili wanainama vibaya kuipakia garini. Na ndoo iliyokuwa na rangi ya mafuta haifai kabisa kwa mmea wa kuliwa, hata ikisuguliwa.

Sasa pakacha lenyewe. Mengi yanayouzwa yamesukwa kwa ajili ya maembe na machungwa, na chungwa halipenyi pale mchanga unapopenya. Liinue, lielekeze juani, utazame ndani. Kidole cha shahada kikipita baina ya kuti na kuti, liache. Kisha ligeuze uone kitako: ncha za makuti ziwe zimesukwa msuko mmoja mnene na kufungwa fundo, si kukunjwa na kuchomekwa tu. Kitako cha kuchomeka hufunguka njiani, gari likiingia shimo la kwanza. Bora umwagize msukaji: upana wa mdomo shibiri moja na nusu, kina shibiri moja, kitako msuko wa mara mbili. Kazi hiyo haimchukui muda.

Kasoro zake ni mbili. Kuti bichi hunywea likikauka, na baada ya siku tatu nafasi zilizokuwa zimebana zinaachana. Dawa yake ni maganda makavu ya mgomba: mawili yalazwe msalaba ndani, ncha zipande mpaka mdomoni. Ya pili ni kuoza. Likiwekwa chini kwenye udongo mtupu wakati wa masika, mchwa na unyevu hula kitako kabla hujahama. Nunua wiki ya kuhama, liweke juu ya mawe. Ukipata kavu tu, liroweke usiku mmoja kabla ya kulitumia, vinginevyo linavunjika.

Mchanganyiko wa kujazia: sehemu mbili udongo wa bustani ileile, sehemu moja samadi kavu iliyokaa, sehemu moja makumbi, yaani maganda ya nazi, yaliyochambuliwa. Makumbi hupunguza uzito na hushika maji. Angalia yalikotoka. Yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba, nyuzi za kusokotea kamba, yana chumvi, na chumvi huunguza mizizi; yaoshwe kwa maji yasiyo na chumvi mara tatu au yachukuliwe ya shamba.

Mpilipili ndio unaotaka uangalifu. Wiki mbili kabla, chepe lizamishwe nusu duara, sentimita 15 kutoka shinani, ili mizizi mipya ianze kuota karibu. Siku moja kabla, mwagia maji jioni na punguza theluthi ya matawi, pamoja na maua na pilipili zote hata changa. Watu huona uchungu kuzitupa, lakini mmea uliokatwa mizizi hauwezi kulisha matunda. Ng'oa alasiri, jua likishalegea, upande mara moja pakachani. Mndimu utendewe vivyo hivyo, baada ya kumuuliza mwenye nyumba: kwetu mti na ardhi huweza kuwa na wenyewe tofauti, na mti uliopandwa kwenye kiwanja cha kukodi si wa kubebwa kimyakimya.

Mchaichai haupati taabu: gawa shina, kata majani yabaki sentimita 15. Matembele hayahitaji pakacha, vipande vya sentimita 30 vilivyofungwa kwa kitambaa kibichi vinatosha. Muhogo chukua vijiti vyenye macho matano mpaka saba, na usichukue hata kimoja kwenye shina lenye majani ya batobato au mizizi yenye madoa ya kahawia ndani, maana ugonjwa utakwenda nao.

Kuhusu mama mwenyewe: kazi yake iwe kuchagua, kupogoa na kutandika maganda akiwa amekaa. Kuchimba, kuinua na kupakia ni kwa hamali au ndugu, hata kama pakacha ni dogo. Avae glovu, anawe kwa sabuni kabla ya kula. Paka hupenda kujisaidia kwenye matuta laini, na kinyesi chao kinaweza kuwa na vijidudu vya toksoplasma vinavyoweza kumfikia mtoto tumboni. Dawa za wadudu zisipigwe katika siku hizo za kuhama.

Kwenye nyumba mpya, shimo liwe pana mara mbili ya pakacha. Chana kitako mikato miwili, shusha, kisha kata ukingo wote ubaki chini ya usawa wa udongo. Ukingo ukichomoza huweza kunyonya maji kutoka kwenye mizizi na kuyatoa juani, na mmea ukaumia baada ya safari kwisha salama. Wanaohamia upande wa maweni, Makunduchi au Paje, watafute mfuko wa udongo baina ya mawe, waonje maji ya kisima kwanza. Yakiwa na chumvi, tumia ya mvua au ya bomba.

Mwagia asubuhi na jioni kwa wiki mbili, chini ya kivuli cha makuti. Wakati wa kaskazi usiruke hata siku moja. Mpilipili ukiacha kunyauka mchana na kutoa jani jipya, ondoa kivuli kidogo kidogo, ukianzia upande wa mashariki.